Ardhi, Hati na Haki ya Mzee: Mapambano ya Kurithisha Mali katika Historia ya Nchi Yetu

1. Utangulizi

Suala la ardhi ni suala la siasa kabla halijawa suala la sheria. Tunaanza na kauli hiyo kwa sababu baadhi ya makada wetu, wanapofuatwa na mzee mwenye mgogoro wa shamba na wanawe, humjibu kwamba hilo ni jambo la kifamilia na kumrudisha nyumbani. Wengine humwambia aende mahakamani, kana kwamba safari ya kwenda mahakamani ni nyepesi kwa mtu wa miaka 80 asiyejua kusoma. Majibu yote mawili ni ya makosa. Jibu la kwanza linamwacha mnyonge mikononi mwa mwenye nguvu. Jibu la pili linasahau kwamba sheria bila msaada wa kuitumia ni mali ya wale wanaoijua tu.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi yetu, na kati ya kila watu 100, zaidi ya watano walikuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Wengi wao wanaishi vijijini, na mali yao kubwa ni ardhi. Swali la somo hili ni hili: mzee anapotaka kumpa mwanawe, binti yake au mjukuu wake shamba au nyumba, au anapolazimishwa kufanya hivyo, nani amekuwa akisimama upande wake? Hatuwezi kulijibu bila kufuata historia ya hati yenyewe.

2. Mzee na Ardhi kabla ya Hati

Tusiupambe wakati uliopita. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, alieleza kwamba mzee wa jadi aliyeonekana kula bila kufanya kazi alikuwa ameifanya kazi hiyo ujanani, na kwamba mali aliyoishika hakuishika kama mtu binafsi bali kama mkubwa wa jamaa iliyoizalisha. Huo ni ukweli mkubwa. Mzee alikuwa mshika mali, na ushikaji huo ndio uliomhakikishia chakula, moto na maziko.

Lakini ukweli huo una upande wa pili. Katika sehemu nyingi za nchi mshika mali huyo alikuwa mwanamume. Mjane alibaki shambani kwa hisani ya ukoo wa mumewe, na binti alilima ardhi ambayo hakuwa na sauti juu yake. Buhaya kulikuwa na nyarubanja, mfumo wa ukabaila ambao ndani yake mkulima aliishi juu ya ardhi ya bwana na kumlipa. Kwa hiyo anayesema kwamba dawa ya matatizo ya wazee ni kurudi katika mila tu, hajasoma historia ya mila zenyewe. Tulichokirithi kilikuwa na wema na ubaguzi ndani yake, na kazi ya mapinduzi ni kuvitenganisha.

3. Ukoloni Waleta Karatasi

Tarehe 26 Novemba 1895 Mfalme wa Ujerumani alitoa amri iliyoitangaza ardhi ya koloni lake la Afrika Mashariki kuwa mali ya dola, isipokuwa pale ambapo mtu angeweza kuthibitisha haki yake. Tuitazame maana ya amri hiyo. Jana yake mzee wa Usambara alikuwa na shamba kwa ushahidi wa majirani, makaburi na migomba. Kesho yake alidaiwa uthibitisho wa namna ambayo mkoloni ataikubali. Setla alipewa karatasi. Mwafrika aliambiwa anaruhusiwa kutumia.

Waingereza walibadilisha maneno. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilizitangaza karibu ardhi zote za Tanganyika kuwa za umma, chini ya usimamizi wa Gavana, na ikaanzisha haki ya kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Mabadiliko ya mwaka 1928 yalikiri kwamba wenyeji wanaoishi kwa mila na desturi nao wanahesabiwa kuwa na haki hiyo. Lakini haki ya setla iliandikwa na kusajiliwa, na haki ya mkulima ilibaki ya kuhesabiwa tu, bila hati. Ndipo ulipoanza mgawanyiko tunaoishi nao: upande mmoja ardhi yenye karatasi, upande mwingine ardhi yenye mashahidi.

Katika miaka ya 1950 Waingereza walitaka kwenda mbele zaidi. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953 hadi 1955 ilipendekeza umilikaji wa mtu mmoja mmoja, na mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilitoa mapendekezo ya kuuruhusu nchini. TANU ilikataa. Katika maandishi yake ya mwaka 1958 juu ya mali ya taifa, Mwalimu alionya kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa, maskini watauza na matajiri watanunua, na wananchi watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe.

Jirani zetu wa Kenya walionja njia nyingine. Kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ardhi ya koo iligawanywa na kusajiliwa kwa jina la mtu mmoja, kwa kawaida mkuu wa kaya. Matokeo yake yalionekana wazi katika kesi ya Esiroyo ya mwaka 1973, ambapo baba aliwashitaki wanawe. Wana walidai haki yao ya kimila katika shamba la jamaa, na mahakama ikasema kwamba usajili umeifuta haki hiyo. Safari hii karatasi ilimnufaisha baba. Lakini kanuni hiyo hiyo humwangamiza baba siku jina lililomo katika daftari linapokuwa la mwana. Daftari halimjui mzee wala kijana. Linalijua jina lililoandikwa.

4. Uhuru: Hatua Mbele na Kosa Letu

Baada ya Uhuru serikali ya TANU ilichukua hatua kubwa. Mwaka 1963 umilikaji wa milele uliobaki tangu ukoloni uligeuzwa kuwa upangaji wa muda kutoka serikalini, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki. Sheria ya mwaka 1965 iliwakomboa wakulima wa nyarubanja, na ile ya mwaka 1968 ikawakomboa wapangaji wengine wa kimila. Mirija ya makabaila ilikatwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawataja wazee wasiojiweza miongoni mwa watu ambao katika nchi ya kijamaa wana haki ya kutunzwa na wenzao.

Lakini tujikosoe, maana chama kisichojikosoa hudumaa. Mwaka huo huo wa 1963 serikali yetu ilichapisha Tangazo la Serikali namba 436, lililokusanya sheria za mila za urithi na wosia kwa makabila mengi ya Bara yanayofuata ukoo wa baba. Nia ilikuwa njema: kuyapa makabila mengi sheria moja inayojulikana. Hata hivyo, tangazo hilo liliwaweka mabinti katika daraja la tatu la warithi. Lilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo katika uhai wake, lakini si kuiuza. Lilimfanya mjane awategemee wanawe. Mila iliyokuwa ikibadilika midomoni mwa wazee tuliiandika, na ilipoandikwa ikaganda.

Haki inataka tuseme pia kwamba tangazo hilo lilikuwa na kinga kwa wazee. Wosia wa mdomo ulihitaji mashahidi wasiopungua wanne, baadhi wa ukoo na baadhi watu baki. Asiyejua kusoma na kuandika alihitaji mashahidi wanne hata kwa wosia wa maandishi, wakati ajuaye alihitaji wawili. Na mrithi ambaye bila sababu ya haki hakumtunza mwenye wosia katika njaa au ugonjwa, aliweza kunyimwa urithi. Kanuni hiyo ni ya thamani. Inasema kwamba urithi una masharti, na sharti lake la kwanza ni utu.

5. Kesi ya Kashasha

Mgongano kati ya pande hizo mbili ulifikia kilele chake mkoani Kagera. Bibi Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka, akiwa hana wa kumtunza, aliliuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephraim, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akitaka mauzo yabatilishwe kwa kuwa mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye na kumwamuru Bibi Holaria arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo, na mpwa akakata rufani Mahakama Kuu, Mwanza.

Makada wasome shauri hili kwa makini. Ukoo haukufika kumlisha mzee, ila ulifika kuidai ardhi yake. Mahakama ziliwahi kusema, katika shauri la Bukoba la mwaka 1968, kwamba mabadiliko ya mila hiyo ni juu ya Wahaya wenyewe. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya alisema vingine. Mwaka 1984 Haki za Binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba yetu, na kuanzia mwaka 1988 ziliweza kudaiwa mahakamani. Kwa msingi huo jaji aliamua kwamba kanuni inayomnyima mwanamke kuuza ardhi ya ukoo wakati mwanamume anaweza, ni ya kibaguzi, na kwamba tangu sasa wote wana haki sawa. Mauzo ya Bibi Holaria yakasimama.

Lakini ushindi wa mtu mmoja haukufuta tangazo. Wajane wawili wa Shinyanga walipolipinga mwaka 2005, Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni zake ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Rufani yao haikusikilizwa katika kiini chake, kwa sababu za kiutaratibu. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema kwamba nchi yetu imevunja haki zao. Tulikuwa miaka 52 baada ya tangazo. Hatuwezi kumlaumu mkoloni kwa kila mwaka katika miaka hiyo 52.

6. Vijiji, Tume na Sheria za 1999

Operesheni ya kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 iliwaleta watu kwenye shule na zahanati, lakini pia iliwaacha wengi bila ushahidi wa wapi mashamba yao ya zamani yaliishia. Katika miaka ya 1980 walianza kuyadai mahakamani. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta haki hizo za kimila katika vijiji na kuzizuia kesi zake. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wakulima wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, walikuwa wameshinda kesi yao chini. Shauri lao la kikatiba lilipofika Mahakama ya Rufani mwaka 1994, Jaji Mkuu Nyalali na wenzake walitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Baba na mwana walisimama bega kwa bega, na ushindi wao ukawa wa wakulima wote.

Wakati huo Tume ya Rais ya Masuala ya Ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuwa imekwisha kuzunguka nchi na kuwasikiliza wananchi. Tume hiyo ilipendekeza Mabaraza ya Wazee ya Ardhi vijijini. Pendekezo hilo halikuchukuliwa kama lilivyotolewa. Ila Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001 kwa Tanzania Bara, zilikuwa na mambo ya msingi. Haki ya kimila ilipewa hadhi sawa na haki ya kupewa na serikali, na inaweza kuandikiwa hati, kurithishwa na kuachwa kwa wosia. Mila inayowanyima wanawake, watoto au wenye ulemavu kuipata ardhi ilitangazwa kuwa batili. Kijijini, uhamisho wa haki hiyo unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Na mwanandoa hawezi kuhamisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kinga iliyokuwa imekwisha kuwekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

7. Mahali Unyonyaji Unapoingilia

Kwa nini basi mzee mwenye kinga zote hizo bado anapoteza nyumba yake? Kwa sababu unyonyaji wa sasa hautumii fimbo. Unatumia karatasi. Kijana humwambia mama yake aweke dole gumba ili kodi ya ardhi ilipwe, na karatasi yenyewe ni hati ya kuhamisha milki. Mwingine huomba hati ya uwakilishi ili afuatilie mambo mjini, kisha huitumia kuuza. Mwingine huteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya baba, naye hujifanya mrithi wa pekee, ingawa msimamizi kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia wenye haki. Usukumani baadhi ya vikongwe wameitwa wachawi na kuuawa, na nyuma ya baadhi ya tuhuma hizo kulikuwa na tamaa ya shamba.

Kada anapaswa kuijua tofauti iliyo kuu kuliko zote: tofauti ya zawadi na wosia. Zawadi ya ardhi, ikishaandikwa na kusajiliwa, imemwondoa mzee katika daftari akiwa hai. Siku inayofuata anaishi katika nyumba ya mwanawe, si yake. Wosia haumwondoi. Anaweza kuubadilisha au kuufuta wakati wowote akiwa na akili timamu, na mali inabaki yake mpaka afe. Anayefuata sheria ya Kiislamu hatausia zaidi ya theluthi ya mali yake, na iliyobaki itafuata mafungu. Wosia unaweza kuhifadhiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, mbali na sanduku ambalo kila mtu nyumbani ana ufunguo wake. Wazee wengi hutoa zawadi wakidhani wameandika wosia. Kosa hilo moja limewaacha wengi bila makao.

Aidha, Sheria ya Mikataba, iliyotungwa mwaka wa Uhuru wetu, inatambua kwamba mtu ambaye akili yake imepunguzwa nguvu na umri, ugonjwa au dhiki anaweza kutawaliwa na mwenzake. Mkataba uliopatikana kwa ushawishi usio wa haki waweza kubatilishwa. Pale mwenye kumtawala mwenzake anapopata faida isiyo ya kawaida, ni juu yake kuthibitisha kwamba hakutumia ushawishi huo. Kinga hii ina umri sawa na taifa letu, lakini ni wazee wangapi wamewahi kuisikia?

8. Nani Alimsaidia Mzee?

Historia ya msaada wa sheria nchini ni fupi. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, na walimu na wanafunzi wake walianza kutoa ushauri wa bure kwa wananchi mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Sheria ya mwaka 1969 iliwapa mawakili washitakiwa wa jinai wasio na uwezo. Mwenye mgogoro wa shamba hakuwa miongoni mwao. Kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa katika Mahakama za Mwanzo, ambako ndiko mirathi ya kimila na ya Kiislamu husikilizwa. Katazo hilo lilimzuia tajiri asimnunulie mwanawe wakili dhidi ya mjane. Lakini mjane naye alibaki bila mtu wa kumwandikia hoja zake.

Pengo hilo lilianza kuzibwa na wananchi wenyewe. Chama cha Wanasheria Wanawake kilianzishwa mwaka 1989, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995. Wasaidizi wa kisheria walifunzwa katika wilaya: walimu wastaafu, wakulima, mama wa vikundi. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyowatambua rasmi wasaidizi hao na kuweka utaratibu wa msaada kwa wasio na uwezo, katika madai na jinai. Mwaka 2023 serikali ilianza kampeni ya msaada wa kisheria inayobeba jina la Rais Samia, na mashauri ya ardhi na mirathi yakawa miongoni mwa yale yaliyoletwa kwa wingi.

9. Wajibu wa Kada

Tunaona basi kwamba katika kila hatua mzee alikuwa na haki fulani na hakuwa na mtu. Tofauti kati ya Bibi Holaria na maelfu wengine haikuwa sheria, maana kabla ya mwaka 1990 sheria ilikuwa dhidi yake. Tofauti ilikuwa kwamba shauri lake lilifika mbele ya jaji aliyekubali kuisoma Katiba kwa macho ya mnyonge. Hatuwezi kuijenga nchi kwa kutegemea bahati ya namna hiyo.

Kada wa Chama katika tawi na kijiji ana kazi nne. Kwanza, ahakikishe kwamba mzee anayetaka kuhamisha ardhi anasomewa karatasi yote kwa lugha anayoielewa, na mtu asiyenufaika nayo. Mshauri aliyeletwa na mwenye kupokea mali si mshauri wa mwenye kuitoa. Pili, amwulize mzee peke yake, watoto wakiwa nje, swali jepesi: baada ya kusaini utalala wapi, na nani atakulisha? Tatu, ajumbe wa Halmashauri ya Kijiji waikumbuke idhini yao. Muhuri wa kijiji uliogongwa bila kuuliza ni silaha mkononi mwa mnyang'anyi. Nne, amwelekeze mzee kwa msaidizi wa kisheria kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya kusajiliwa kazi huwa ngumu mara kumi.

Na sisi tunaoandika na kusoma katika kurasa hizi tuna kazi ya tano: kuidai marekebisho ya sheria ya urithi tuliyoiandika wenyewe mwaka 1963. Kanuni ya kumnyima urithi asiyemtunza mzazi ibaki. Ubaguzi wa binti na mjane uondoke. Ardhi yetu tuliitangaza kuwa ya umma ili pasiwe na mtu wa kumfukuza mwenzake katika nchi hii. Haitakuwa na maana kama tumemzuia kabaila asimfukuze mkulima, kisha tukamwacha mwana amfukuze mama yake kwa karatasi yenye muhuri wetu.